Nimeijenga Pidgin mwenyewe, mbona mabadiliko yangu hayaonekani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa kompyuta katika ofisi ya chama cha ushirika hapa Njombe. Tuna kompyuta 12 za zamani zenye Debian, na seva ndogo ya Prosody tuliyoisimika wenyewe ili watu waandikiane hata intaneti ikikatika. Kila mashine ina Pidgin, programu ya kuandikiana ujumbe. Niliamua kuijenga upya kutoka kwenye msimbo chanzo ili iwe ya Kiswahili na niongeze jambo moja mawili. `./configure`, ile hatua inayokagua kama mashine ina vyote vinavyohitajika, ilinigomea mara tatu, na kila mara niliweka ile `--disable` iliyonitajia mpaka ikapita. Sasa inawaka, lakini ujumbe ukiingia hailii, na mtu aliyekwenda chai saa nzima bado anaonekana yupo. Nimebadilisha maneno kwenye faili za C, nikapiga `make`, sioni tofauti. Tena mkuu wa ofisi anataka matangazo yake yajitokeze juu ya kazi nyingine yoyote iliyo kwenye skrini. Rafiki zangu wanasema niachane na Pidgin nichukue msimbo wa Telegram. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hao rafiki zako, maana jibu lao ni fupi. Telegram ya kompyuta kweli msimbo wake uko wazi, kwa leseni ya GPL toleo la 3, na mtu yeyote anaweza kuijenga. Lakini kilicho wazi ni programu ya mtumiaji tu, seva haiko wazi. Huwezi kuisimika Telegram yako pale ofisini, kwa hiyo siku intaneti ikikatika mtakaa mnatazamana. Kuijenga nako ni mzigo: imeandikwa kwa C++ juu ya Qt, maktaba ya madirisha na vitufe, inataka upewe kitambulisho na ufunguo wa msanidi kutoka kwao, na mashine zako za zamani zitahema mpaka zizime. Mlichokifanya ninyi, kuweka Prosody ndani ya ofisi na kuzungumza kwa XMPP, itifaki iliyo wazi ya kupelekeana ujumbe, ni uamuzi mzuri sana. Ujumbe wa mhasibu kwenda kwa mtunza ghala unapita kwenye waya wa ofisi na hautoki nje ya jengo. Msiuache.

Sasa tuje kwenye Pidgin yenyewe.

Mlio kupotea na mtu wa chai kuonekana yupo si kasoro za programu. Zimetokana na zile `--disable` ulizoziweka. Mlio wa ujumbe katika Pidgin hupigwa na GStreamer, maktaba ya sauti na video. Ukisema `--disable-gstreamer`, kinachobaki ni ule mlio mkavu wa mashine au amri ya nje utakayoiandika mwenyewe kwenye mapendeleo. Na ili Pidgin ijue kwamba mtu ameondoka mezani, huiuliza mfumo wa skrini mara ya mwisho kipanya au kibodi viliguswa lini. Kazi hiyo hufanywa na kiendelezi cha XScreenSaver, nacho ukikizima kwa `--disable-screensaver` Pidgin inabaki haina njia ya kuona kipanya. Inachoweza kupima ni muda tangu mtu alipotuma ujumbe mara ya mwisho, basi. Ujumbe wa kosa uliokutokea ulilieleza hilo kwa mstari mmoja mrefu, ila najua wengi tukishaona neno `--disable` macho hayasomi tena yaliyobaki. Mstari ule ulikuwa unakueleza utakachokosa. Haukuwa unakuagiza ukizime.

`./configure` ilikuwa inatafuta nini hasa? Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama, kwa sababu GTK, maktaba inayochora madirisha ya Pidgin, wanayo, GStreamer wanayo, wanaziona zinafanya kazi, halafu wanaambiwa hazipo. Debian hugawa kila maktaba mara mbili. Kifurushi kimoja kina maktaba yenyewe, ile inayotumika programu inapoendeshwa. Kingine, ambacho jina lake huishia na `-dev`, kina faili za vichwa, zile zenye mkia wa `.h`, ambazo kompaila huzisoma ili ijue maktaba ina nini ndani. Mtumiaji wa kawaida hana haja nazo, kwa hiyo haziwekwi. Wewe anayejenga ndiwe unayezihitaji. Usizitafute moja moja. Fungua orodha ya vyanzo vya apt, hakikisha ina `deb-src`, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt build-dep pidgin
apt source pidgin
```

Amri ya pili huleta kila kitu ambacho Debian wenyewe hukitumia kuijenga Pidgin. Ya tatu hukuletea msimbo wa toleo lile lile lililo kwenye mashine zako, pamoja na viraka, yaani marekebisho, vya Debian, na usahihi wake huthibitishwa kwa sahihi za Debian. Baada ya hapo `./configure` inaweza bado kulalamikia kitu kimoja au viwili, kama Meanwhile, ambayo ni ya itifaki ya Sametime. Hicho zima bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna mtu Njombe atakayekikumbuka. Kigezo ni hicho: zima unachokijua kwamba hukihitaji. Kitu usichokijua kazi yake, kiulize kwanza.

Kisha ijenge bila kugusa herufi hata moja ya msimbo:

```
./configure --prefix=$HOME/pidgin-yangu
make -j2
make install
```

Nasisitiza: bila kugusa herufi. Ukianza kubadilisha kabla hujaona toleo safi likiwaka, likilia na likimwona mtu wa chai, kosa lolote litakalotokea hutajua kama ni lako au la mazingira. Hiyo `--prefix` nayo ina maana kubwa. Inaiweka Pidgin yako yote ndani ya folda yako ya nyumbani, mbali na ile ya Debian. Huhitaji `sudo`, na siku ukiichoka unafuta folda moja tu.

Sasa lile lililokukera zaidi, mabadiliko kutoonekana. Mimi nalo lilinila usiku mzima miaka ile nilipokuwa naanza. Nilibadilisha mstari, nikajenga, nikawasha, maneno ni yale yale. Nikabadilisha tena, nikafuta kila kitu, nikajenga upya kuanzia mwanzo, bado ni yale yale. Karibu na alfajiri ndipo nilipoona ile ikoni ndogo pembeni ya skrini, karibu na saa. Pidgin ukifunga dirisha la orodha ya marafiki haifi, hujikunja pale pembeni ikaendelea kukesha. Na ukiwasha nyingine, ile mpya hugundua kwamba kuna mwenzake tayari anaendesha mazungumzo, hivyo hujizima yenyewe na kuliinua dirisha la yule wa zamani. Usiku kucha nilikuwa naitazama programu ya jana. Kama ningeiwasha kutoka kwenye dirisha la amri ningeona imeandika wazi kwamba inatoka kwa sababu nyingine ipo.

Ndiyo maana unapojaribu kazi yako iwashe hivi:

```
~/pidgin-yangu/bin/pidgin -m -d -c /tmp/pidgin-jaribio
```

`-m` huiruhusu ikae pamoja na nyingine. `-d` huimwaga kumbukumbu yote ya inachokifanya kwenye dirisha la amri. `-c` huipa folda yake ya mipangilio, isiguse `~/.purple` yako ya kila siku. Na njia umeiandika kamili, kwa sababu ukiandika `pidgin` peke yake mfumo utakuwashia ile ya `/usr/bin`. Kumbuka vilevile kwamba `make` hujenga tu pale pale ulipo. Nakala iliyo ndani ya `pidgin-yangu` haibadiliki mpaka useme `make install`.

Kuna mtego wa tatu, umejificha zaidi. Ukifungua msimbo utaona folda mbili kubwa, `libpurple` na `pidgin`. Programu hii ilianzishwa mwaka 1998 na Mark Spencer, akiwa bado mwanafunzi, kwa ajili ya AIM, huduma ya kuandikiana ya kampuni ya AOL, na ilijulikana kama Gaim. Jina lilibadilishwa mwaka 2007 kumaliza mvutano na AOL. Wakati huo sehemu inayojua itifaki, akaunti na ujumbe ilikuwa imeshatengwa kabisa na sehemu ya madirisha na vitufe. Ya kwanza ndiyo libpurple. Ya pili ndiyo Pidgin yenyewe, na kuna mwenzake anayeitwa Finch anayekaa juu ya libpurple ile ile, ila huonekana kwenye dirisha la amri lenye maandishi matupu. AIM ilifungwa Desemba 2017, na Pidgin bado ipo, kwa sababu ya mgawanyo huo. Kwako maana yake ni hii: ukibadilisha kitu ndani ya `libpurple`, Pidgin yako inaweza kuwaka vizuri huku inatumia libpurple ya Debian badala ya yako. Hakikisha hivi:

```
ldd ~/pidgin-yangu/bin/pidgin | grep purple
```

Njia itakayotokea iwe ndani ya folda yako ya nyumbani. Ikianzia `/usr/lib`, unaitazama maktaba ya watu wengine.

Kabla hatujaendelea, neno kuhusu `~/.purple`, kwa kuwa kompyuta za ofisi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ndani yake kuna faili iitwayo `accounts.xml`. Mtu akiweka alama ya kukumbuka nywila, nywila hiyo huandikwa humo kwa herufi wazi, kama ilivyo. Waandishi wa Pidgin hawakusahau, ni uamuzi wao: wanasema kuificha kwa ufunguo uliolala kwenye diski ile ile ni kumpa mtu usalama wa uongo. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, mimi nakubaliana nao, lakini matokeo ni kwamba kwenye mashine inayoshirikiwa kila mtu awe na akaunti yake ya Debian, au nywila isihifadhiwe. Na ukiomba msaada popote, faili hiyo usiitume.

Tangazo la mkuu. Kabla ya kuandika msimbo, fungua orodha ya marafiki, bofya jina la mkuu kwa kitufe cha kulia, tafuta Buddy Pounce. Humo unaweza kuiagiza Pidgin kwamba mtu huyu akituma ujumbe, toa arifa, piga sauti fulani, hata endesha amri. Kwa ofisi nyingi hiyo inatosha, na hakuna msimbo wa kuutunza. Lakini nadhani mkuu wenu hutuma pia ujumbe wa kawaida, "njoo na lile faili la mbolea", na hatapenda kila neno lake liruke juu ya skrini ya mtu. Mnataka tangazo tu. Hapo inafaa programu-jalizi, yaani kipande kidogo kinachochomekwa kwenye programu bila kuibadilisha, na ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Usiingize jambo hili ndani ya msimbo wa Pidgin. Libpurple hutangaza kila tukio linalopita kwayo, na programu-jalizi husikiliza tukio inalolitaka. Nakili faili `libpurple/plugins/helloworld.c` kama kiunzi, badilisha jina na kitambulisho chake, kisha weka kazi hii:

```c
static void
angalia_tangazo(PurpleAccount *akaunti, const char *nani,
                char *ujumbe, PurpleConversation *mazungumzo,
                PurpleMessageFlags alama)
{
    char *wazi;

    if (!(alama & PURPLE_MESSAGE_RECV))
        return;

    wazi = purple_markup_strip_html(ujumbe);
    if (wazi != NULL && g_str_has_prefix(wazi, "TANGAZO:"))
        purple_conversation_present(mazungumzo);
    g_free(wazi);
}
```

Na ndani ya kazi inayoitwa jalizi inapopakiwa:

```c
purple_signal_connect(purple_conversations_get_handle(),
    "wrote-im-msg", plugin,
    PURPLE_CALLBACK(angalia_tangazo), NULL);
```

Niruhusu nikae kidogo kwenye mistari hii, kwa sababu kila mmoja umelipiwa na kosa la mtu. Kwa nini `wrote-im-msg`, na si `received-im-msg` ambayo jina lake linavutia zaidi? Kwa sababu ujumbe wa kwanza kutoka kwa mtu unapofika, dirisha la mazungumzo bado halijaundwa, na `received-im-msg` hutangazwa kabla ya kuundwa. Kiashirio cha mazungumzo kitakuwa tupu, utakigusa, Pidgin itaanguka. Kibaya zaidi, itaanguka asubuhi tu, tangazo la kwanza la siku, na mchana ukijaribu kila kitu kiko sawa. `wrote-im-msg` hutangazwa ujumbe ukishaandikwa ndani ya mazungumzo, kwa hiyo mazungumzo yapo. Ila hutangazwa hata kwa ujumbe unaoutuma wewe, ndiyo maana ya ule ukaguzi wa `PURPLE_MESSAGE_RECV`. Na kwa nini kuvua HTML? Kwa sababu libpurple hubeba ujumbe wote kama HTML. Mkuu akiweka rangi au herufi nene, ujumbe hauanzii na TANGAZO, unaanzia na alama ya mabano, na wewe utabaki unajiuliza mbona leo halikuruka. `g_free` ya mwisho inarudisha nafasi ya RAM iliyokopwa. Kwenye mashine inayowashwa Jumatatu na kuzimwa Ijumaa, usiiache.

Kuikusanya, sakinisha `libpurple-dev`, kisha:

```
gcc -shared -fPIC -o tangazo.so tangazo.c \
    $(pkg-config --cflags purple)
```

Iweke ndani ya `~/.purple/plugins`, washa Pidgin, iwezeshe kwenye orodha ya programu-jalizi. Kama haionekani kabisa, angalia kwanza kama mstari `#define PURPLE_PLUGINS` upo juu ya `#include` zote. Kisha angalia kwa `uname -m` kama mashine uliyojengea na unayopeleka ni za aina moja, maana jalizi ya biti 64 haiwezi kuwaka kwenye Debian ya biti 32.

Hapa nataka uone kitu. Faili moja ndogo, `tangazo.so`, imemaliza ombi la mkuu bila kuibadilisha Pidgin. Ukiijenga Pidgin nzima na kuisambaza kwenye mashine 12, siku kasoro ya usalama ikitangazwa, Debian watatoa sasisho la Pidgin yao, na ya kwako itabaki na tundu mpaka wewe uijenge upya na kuzunguka meza 12. Ukiwa likizo, tundu litakusubiri. Ile `pidgin-yangu` iache kwenye mashine yako kama karakana: mahali pa kujaribia, kusoma kumbukumbu na kuelewa. Kwenye meza za watu iache Pidgin ya Debian, uwapelekee nyongeza tu.

Na nyongeza hizo, uziandike mwenyewe au uzione msimbo wake. Agosti 2024 mradi wa Pidgin ulitoa taarifa kwamba jalizi moja ya mtu wa nje, ss-otr, iliyokuwa kwenye orodha yao ya jalizi za watu wengine tangu Julai, ilikuwa na programu ya siri inayonasa kila kibonyezwacho kwenye kibodi na kutuma picha za skrini. Iliwekwa bila msimbo chanzo, faili iliyokwisha kukusanywa tu, na hilo halikuwashtua mapema. Baada ya hapo waliweka sharti kwamba jalizi zote za orodha ile ziwe na leseni inayotambulika ya msimbo huria. Wewe unayejua kujenga huna sababu ya kupokea `.so` ya mtu usiyemjua.

Nimeacha Kiswahili mwisho kwa sababu ndicho kilichonifurahisha zaidi kwenye barua yako, na ndipo ulipokosea njia. Umebadilisha maneno ndani ya faili za C. Tazama mstari mmoja wa `pidgin/gtkblist.c`, dirisha linapopewa jina: utaona `_("Buddy List")`. Ule mstari wa chini na mabano ndio gettext. Unasema: chukua maneno haya, yatafute kwenye faili ya lugha ya mtumiaji, ukipata tafsiri itumie, usipopata acha Kiingereza. Maneno ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa kabati. Ukiyabadilisha ndani ya C, umebadilisha ufunguo, na lugha zote nyingine zinakosa kabati lao kwa neno hilo.

Njia yenyewe ni faili ya `sw.po`. Ingia kwenye folda ya `po`, angalia kwanza kama toleo lako tayari lina `sw.po`. Kama halina:

```
intltool-update --pot
msginit -l sw_TZ -i pidgin.pot -o sw.po
```

Fungua kwa kihariri chochote, Poedit kinafaa, ujaze. Kisha ikusanye na kuiweka:

```
msgfmt -c -v -o pidgin.mo sw.po
sudo mkdir -p /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES
sudo cp pidgin.mo /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/
```

Wakati wa kujaribu kwenye karakana yako, faili hiyo iende `~/pidgin-yangu/share/locale/sw/LC_MESSAGES`, na uiwashe kwa kutanguliza `LANGUAGE=sw`. Lugha ya mfumo isiwe ile tupu inayoitwa `C`, maana hapo gettext haitafuti tafsiri kabisa. Usiiache ile `-c` ya msgfmt. Inakagua alama za `%s` na `%d`, na alama moja iliyokosewa inaweza kuiangusha programu nzima. Ukitaka kugeuza mpangilio wa maneno, andika `%1$s` na `%2$d` ili programu ijue ipi ni ipi.

Usianze juu ukashuka mpaka chini. Maneno ni maelfu, na mengi ni ya itifaki ambazo hamtazigusa. Anza na yale ambayo mtu wa ofisi huyaona kabla ya saa nne asubuhi: menyu, hali, dirisha la mazungumzo, makosa ya kuunganisha. Baadhi yatakuja yenyewe. `%s is typing...` inakuwa `%s anaandika...`, safi kabisa, na Kiswahili hakikuulizi kama ni mwanamume au mwanamke, jambo linalowatesa watafsiri wa lugha nyingi.

Mengine yatakusimamisha. Chukua neno la hali, `Available`. Ukilichagua mwenyewe kwenye menyu, Kiswahili chake ni "Nipo". Likionekana chini ya jina la mwenzako, ni "Yupo". Kwa Kiingereza ni neno moja, na kwa kuwa neno ndilo ufunguo, gettext itakupa nafasi moja tu ya kutafsiri. Ukiandika "Nipo", utaona jina la mtunza ghala na chini yake "Nipo", kana kwamba wewe ndiye uliye ghalani. Gettext ina dawa yake, muktadha unaoambatanishwa na ufunguo, lakini huwekwa na mwandishi wa C, si mtafsiri. Kwa sasa tafuta neno lisilobeba nafsi. Mimi ningeandika "Mtandaoni", na kwa `Away` ningeandika "Nje kidogo". `Do not disturb` iwe "Asisumbuliwe"? Hapana, hiyo ni ya mtu mwingine. "Usisumbue" inakaa pande zote mbili, kwa sababu anayeisoma ndiye anayeambiwa.

Angalia pia jalizi ya kuarifu hali. Ina `%s has gone away.` na `%s has signed off.` Zote mbili mkono utataka kuandika "ametoka". Lakini wa kwanza amekwenda chai na atarudi, wa pili ameshafunga kompyuta. Andika "%s ametoka kidogo." na "%s amejiondoa." Kwenye umoja na wingi, Kiswahili kina maumbo mawili, mstari wa `Plural-Forms` uwe `nplurals=2; plural=(n != 1);`, na uamue mapema kama ofisi yenu husema "jumbe 5" au "ujumbe 5". Nimekutana na watu wazuri wa lugha pande zote mbili. Chagua moja, uishike mpaka mwisho wa faili. Kwa ukaguzi wa tahajia wakati wa kuandika ujumbe, Debian wana kifurushi cha `hunspell-sw`. Kisakinishe mara moja, maana watu wamechoka kuona kila neno lao la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu.

Ukifikisha maneno mia tatu hivi ya mwanzo, usiendelee. Weka ile `pidgin.mo` kwenye meza ya mtu mmoja, asiye kijana wa kompyuta; mhasibu angefaa. Kaa nyuma yake nusu siku na daftari. Kila anaposita kabla ya kubofya, andika neno alilokuwa analisoma. Rekebisha hayo kwanza, ndipo uende kwenye meza 11 zilizobaki, na faili hiyo hiyo iliyorekebishwa ndiyo uwatumie waandishi wa Pidgin. Msimbo wao wameuweka kwenye hifadhi ya Mercurial, `keep.imfreedom.org`, na tawi la toleo lako linaitwa `release-2.x.y`. Toleo la 3 linaandikwa upya pembeni kwa GTK 4 na Meson, chombo kingine cha kujengea, usichanganye hayo mawili. Pamoja na faili, waandikie habari ya "Nipo" na "Yupo", na uwaonyeshe faili na mstari ambapo muktadha unakosekana. Kiraka cha mstari huo unaweza kukiandika mwenyewe, karakana unayo tayari.